Usingizi wa Eda

"Bi Tausi, nikuulize kitu hutanikasirikia? Marehemu ulimpenda kweli?"

Aliniuliza hivyo Noorjehan, jirani yangu mwenye duka la vitambaa mkabala na nyumba yetu hapa Ngamiani, siku ya kwanza nilipotoka eda. Nilikwenda kununua uzi. Hakuuliza kwa ubaya. Noorjehan akisikia neno hulipeleka kwa mwenyewe, kuzunguka hajui.

"Mbona waniuliza hivyo?"

"Wanasema ulilala eda nzima. Watu wanasoma Yasini, wewe unakoroma. Ati umenenepa badala ya kukonda."

Nilirudi nyumbani bila uzi.

Kulala nililala, hilo silikatai. Nilikuwa nikikaa na wageni, kichwa kinaniangukia kifuani, nashtuka nawaona wanacheka ndani ya kanga zao. Mwili wangu mkubwa tangu uzazi wa mwisho, na usingizi wangu ndio huo wa miaka: naamka kinywa kikavu, kichwa kizito, kama mtu aliyetwanga usiku kucha. Lakini kusinzia kwa mchana walikuona wengi. Mkoromo wa usiku aliusikia mtu mmoja tu: wifi yangu Kijakazi, dada yake marehemu, aliyetoka Moa kuja kulala nami chumba kimoja eda ilipoanza.

Darsa ya Alhamisi nikaiacha, nikichelea kusinzia mbele za watu. Nikawa nakula jikoni peke yangu, nimesimama, mlango nimeurudisha. Na kibaya zaidi, neno la watu likaniingia mwenyewe. Niko kwenye msala, najiuliza: Mola wangu, au ni kweli sikumlilia Jumbe? Mke gani huyo, mumewe yu kaburini, yeye analala?

Hospitali nilipelekwa na presha. Daktari Mathew, kijana wa Muheza, alikuwa akiandika. Alipoinua macho akanikuta nasinzia kwenye kiti. Akaiweka kalamu.

"Mama, kuna mtu amewahi kukuambia pumzi yako hukatika ukilala?"

"Marehemu mume wangu."

"Alikuwa anafanyaje?"

"Ananigeuza ubavu. Ananiwekea mto mgongoni nisirudi chali."

Akanieleza kwamba hayo ni maradhi. Njia ya hewa huziba mtu akilala, mwili ukashtuka kutafuta pumzi, tena na tena, naye mwenyewe hana habari. Asubuhi yuko kama hakulala. Unene huyazidisha, na kukosa usingizi nako huzidisha unene. Akaniandikia nikapimwe Dar es Salaam. Kisha akauliza, "Na moyo, mama? Una raha?"

Tangu Jumbe afe hakuna aliyeniuliza hivyo. Nililia mbele ya mtoto wa watu.

"Hata majonzi hayo huchochewa na maradhi haya," akasema. "Huko hakukuwa kulala, mama. Ulikuwa unakabwa."

Nilirudi na jambo moja kichwani. Jumbe alipokuwa kitandani mwisho mwisho, nami nikimlowesha midomo kwa pamba, alimwita dada yake. "Kijakazi, huyu asilale chali. Akikoroma kisha ukasikia kimya, mgeuze. Nakuachia wewe." Kijakazi akasema, "Nimesikia, kaka." Na siku za mwanzo alinigeuza kweli, niliusikia mkono wake. Halafu akahamishia godoro lake ukumbini, akasema joto.

Hitima ya mwaka ikafika, naye akaja. Tulikaa jamvini tukichambua mchele, Noorjehan naye, aliyeleta sufuria zake kutuazima, akitusaidia.

"Eh, wifi, umeongeza tena?" Kijakazi akasema akicheka. "Utamvunjia kaka yangu kitanda chake."

"Kitanda kimeshanizoea. Wifi, Noorjehan huyu aliniuliza kama Jumbe nilimpenda. Nataka umjibu wewe."

Kicheko kikamkauka. "Mimi tena? Yananihusu nini?"

"Wewe ndiye uliyewaambia watu nakoroma."

"Kwani uongo? Mimi nakesha namlilia ndugu yangu, wewe huko unakoroma! Ungekuwa wewe usingeumia?"

"Ningeumia," nikamwambia, na ni kweli ningeumia. "Lakini wewe ulijua. Kaka yako alikuachia neno, nami nikiwapo pale pale. Mwambie Noorjehan alikuachia neno gani juu ya usingizi wangu. Hilo tu. Usiniombe radhi, wala usiende kuwatangazia wengine."

Noorjehan akaweka ungo chini, akamtazama. Kijakazi aliendelea kuchambua, kainamisha kichwa. Nikamwona anatupa mchele mzima pamoja na chuya. Nikangoja. Wallahi, lau angelisema neno lile moja, ningelimtandikia godoro chumbani kwangu siku hiyo hiyo.

Akainuka, akakung'uta mapaja, akachukua baibui lake msumarini, akapita mlangoni.