Wananchi Thelathini wa Kukodi

Sheria ya mji ule ilikuwa nzuri kupindukia: azimio lolote halipiti mpaka wananchi thelathini wawepo ukumbini na walio wengi wanyooshe mikono. Karani wa halmashauri, mtu mwenye heshima kubwa kwa sheria, alikuwa amegundua namna ya kuitii bila kuwasumbua wananchi. Kila kikao aliwakusanya wafagiaji, matarishi na walinzi, akawavalisha makoti ya kuazima, akawapanga kwenye viti. Kwa kuwa wengi walikuwa wakisinzia, aliwapa amri moja tu: mtazameni Bibi Ufagio. Akinyoosha, nyoosheni.

Bibi Ufagio alikuwa mfagiaji wa ukumbi, na kwa miaka kumi na tisa alikalia kiti cha mbele. Karani akikohoa, mkono wake juu. Kwa mkono huo zilipita kodi za vibanda, bomoabomoa mbili, na nyongeza ya posho za madiwani mara nne. Hakuwahi kuuliza. Kikao kikiisha alipewa soda na biskuti, akarudi kwenye ufagio wake.

Asubuhi ya siku hiyo alipita bombani, akamkuta wifi yake ameinama juu ya beseni. Mjane huyo alifulia watu nguo, na povu hilo ndilo lililowalisha wanawe watatu.

"Leo mnapitisha nini huko kwenu, wifi?"

"Nitajuaje? Kazi yangu kunyoosha."

"Makubwa! Mkono umeolewa na serikali, mwenyewe umebaki kapera."

"Fua huko, mdomo kama cherehani!"

Waliagana wakicheka.

Ukumbini, mwenyekiti alisoma ajenda ya tatu kwa sauti ya mtu anayewahi chakula. Bomba la mtaa wa chini lifungwe. Mkandarasi apewe kazi ya kuuza maji. Kila ndoo ilipiwe.

Bibi Ufagio alisikia. Pengine ndiyo mara ya kwanza alisikia kitu humo ndani. Mtaa wa chini ulikuwa na bomba moja tu, lile la asubuhi. Alipiga hesabu ya ndoo anazomaliza wifi yake kwa siku, akafika kumi na nane, akaacha.

Karani akakohoa.

Mkono ulitaka kupanda wenyewe, kwa mazoea. Aliukalia.

Karani akakohoa tena, kisha tena, hadi diwani mmoja mwenye huruma akamsogezea glasi ya maji. Nyuma, watu ishirini na tisa walikodolea macho bega la Bibi Ufagio, wakisubiri.

"Wanaokubali?" Hakuna mkono uliopanda. Mwenyekiti akafunua karatasi. "Wanaopinga?" Aliuliza kwa kutimiza utaratibu tu; swali hilo halikuwahi kujibiwa.

Bibi Ufagio akanyoosha mkono. Ikanyooka mikono thelathini, pamoja na wa mlinzi mmoja aliyekuwa usingizini, ambao jirani yake alimwinulia.

"Karani!" mwenyekiti alinguruma. "Hawa ni akina nani?"

Karani alitazama daftari la maazimio. Akisema si wananchi, maazimio ya miaka kumi na tisa yangeanguka yote, na posho zikiwamo.

"Ni... wananchi, mheshimiwa."

"Basi andika. Limekataliwa."

Wakapewa mapumziko. Kwenye korido karani alimfuata, jasho likimtiririka.

"Umeniua, mama. Kikao kikiisha, funguo mezani. Kazi huna."

"Na sasa hivi?"

"Sasa rudi ukakae! Bila wewe hawafiki thelathini."

Bibi Ufagio aliegemea ukuta. Alikuwa hajui kazi nyingine, na umri wa kujifunza ulishampita. Tarishi mzee akamshika kiwiko.

"Dada, tumepinga nini?"

Wenzake walipomzunguka, akawaeleza: bomba, ndoo, wifi yake na wale watoto watatu. Hakuna aliyetania. Mlinzi, ambaye sasa alikuwa macho kabisa, alisema kwao lilifungwa mwaka juzi.

"Nani alipitisha?" aliuliza tarishi.

Wakaiangalia mikono yao.

Kengele ikalia, wakarudi kwenye viti. Mwenyekiti alianza ajenda ya nne mbiombio, na karani akakohoa kabla hata sentensi haijaisha. Bibi Ufagio akasimama.

"Samahani, mheshimiwa. Hatujasikia. Isome tena, polepole."

Nyuma yake, kimoja kimoja, viti vikaanza kukwaruza sakafu.