Fundi Makato na Barua Tatu za Shule

Pale kwenye ujenzi walimwita Makato, na jina lenyewe alijitafutia. Kila mwisho wa mwezi, karatasi za mshahara zikishagawiwa, hakuangalia alichopata. Macho yalikwenda moja kwa moja kwenye alichokatwa. Kodi ya mapato, mfuko wa afya, mfuko wa uzeeni. Alisoma kila mstari kwa sauti, kama mtu anayetaja majina ya waliomkosea. "Theluthi nzima!" alifoka. "Nimepiga lipu kuta tatu, huo wa tatu nimempigia nani?" Mafundi wenzake, waliokuwa wamekatwa tangu ujana wao, walicheka mpaka wakashika mbavu, na jina likamganda.

Kwa kazi alikuwa hodari, hilo hata msimamizi alikiri. Ukipitisha kiganja kwenye ukuta wake hukuti kifundo. Ila alikuwa mgeni. Yeye, mkewe na binti yao wa miaka saba walivuka mpaka mwaka uliopita kufuata riziki, na kwao walikotoka mambo yalikuwa na utaratibu mwingine. Kule kodi ilikatwa kidogo, tena kwa wachache, na huduma nazo zilikuwa kidogo, tena kwa wachache.

Kaka yake mkubwa naye alishika njia yake, akaangukia nchi ambayo mshahara haukatwi hata senti. Kila Jumapili alipiga simu, na hakuna Jumapili iliyopita bila kumchokoza mdogo wake.

"Vipi, mwezi huu wamekuachia nauli?"

"Acha tu, kaka."

"Mwenzio huku napewa mshahara mzima, na manyoya yake!"

Makato alikata simu akiwa na wivu, na wivu huo hakuuficha. Alimwambia mkewe waziwazi kwamba waliteremka kituo sicho.

Ndipo ilipokuja barua ya kwanza.

Binti yao alikuwa na kigugumizi. Kilimwanza akiwa na miaka minne, na nyumbani walikwishakizoea, lakini shule mpya ilimtia hofu. Neno lilimkwama kooni, shingo ikakaza, macho yakamjaa machozi, na siku za karibuni alikuwa ameanza kunyamaza kabisa. Akitaka maji aliyanyooshea kidole. Mwalimu wake wa darasa aliliona hilo, na shule ikaandika: mtoto wenu amepewa nafasi kwa mwalimu wa usemi, mara mbili kwa wiki. Mzazi aweke alama kwenye Ndiyo au Hapana, atie sahihi, akichane kipande cha chini na kukirudisha shuleni.

Mkewe alikuwa zamu, huko kwa dobi alikopiga pasi mashuka ya hospitali, kwa hiyo Makato aliisoma peke yake. Na barua za shule alizijua. Kwao, barua ya shule haikuwahi kuleta heri: mchango wa chaki, mchango wa mlinzi, mchango wa bati la choo, na mtoto asiye na mchango alirudishwa nyumbani wenzake wakimtazama. Yeye mwenyewe alirudishwa hivyo mara nyingi, mpaka akaishia darasa la sita. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwalimu mzima kwa mtoto mmoja, mara mbili kwa wiki! Aliigeuza barua mbele na nyuma akitafuta bei, asiione, na kutoiona ndiko kulikomtisha zaidi. Bei isiyoandikwa ndiyo kubwa kuliko zote. Akaweka alama kwenye Hapana, akachana kipande, akampa mtoto apeleke.

Hakumwambia mkewe. Alijidanganya kwamba atamwambia akipata kibarua cha mwisho wa wiki. Barua ya pili ikaja: tumepokea jibu lenu la Hapana, tunaomba mfikirie tena. Akafikiria, akajibu Hapana. Ya tatu ilikuwa fupi. Mtoto asipofika kufikia Alhamisi, nafasi yake itapewa mwingine. Hiyo hakuijibu. Aliikunja pamoja na zile mbili, akazitia kwenye mfuko wa vifaa, chini ya miko na timazi.

Siku za mwizi ni arobaini. Za Makato zilikuwa ishirini na moja. Jumatano jioni mkewe alitaka nyundo ya kupigilia msumari wa pazia, akaingiza mkono mfukoni, akatoa barua tatu zenye vumbi la saruji. Alizisoma zote amesimama.

"Baba watoto, hizi nini?"

"Nilikuwa nataka kukwambia…"

"Mtoto anatafutiwa mtu wa kumsaidia kusema, wewe unajibu hapana? Mara mbili?"

"Tutamlipa na nini?"

"Wapi wameandika kulipa?"

"Ndiyo hapo sasa! Hawajaandika."

"Umeuliza?"

Makato akauchukua msumari wa pazia, akautafutia nyundo.

"Kuuliza si ujinga, mume wangu. Ujinga ni huu." Akazipiga barua mezani. Kisha hasira ikamwisha, akaketi, na kule kuketi kulimuuma Makato kuliko makelele. "Kesho ndiyo Alhamisi," mkewe akasema taratibu.

Makato akatoka nje kwenye ngazi, akampigia kaka yake. Kwa kuwa haikuwa Jumapili, kaka alishtuka, akauliza nani anaumwa. Makato alimweleza habari za binti, akaomba mkopo.

"Mdogo wangu," kaka akasema, "nikwambie ukweli? Sina. Ada za watoto watatu zimenimaliza. Wa pili yuko nyumbani tangu muhula uanze, anaangalia luninga."

"Na ule mshahara mzima?"

"Unaingia mzima, unatoka mzima. Huku hawakati, ila hakuna mlango unaofunguka kwa mkono mtupu. Nilikuwa sitaki ujue. Ningekutania na nini tena?"

Hakuna aliyecheka. Makato, kwa wivu wake wote wa mwaka mzima, aliona haya, akamwonea kaka yake huruma. Walipoagana aliingia ndani akaanza kusafisha miko yake. Pesa hana, lakini mikono anayo.

Alhamisi aliomba ruhusa kazini, akavaa shati la kutokea. Mkono mmoja alimshika binti, wa pili akabeba mfuko wa vifaa. Siku ya kumwandikisha mtoto aliona korido ya shule imebanduka lipu chini ya dirisha, na jicho la fundi halisahau.

Mwalimu wa usemi alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni, chumba chake kidogo kimejaa picha za midomo na vioo vya mkononi. Makato hakungoja kukaribishwa kiti.

"Shikamoo, mwalimu. Najua nimechelewa. Pesa ya kukulipa sina, ila ule ukuta wa korido nitaupiga lipu wote, na wa chumba hiki, na mwingine utakaonionyesha. Wewe mchukue tu mtoto."

"Marahaba." Mwalimu alimtazama, akautazama mfuko. "Kunilipa nini, baba?"

"Kazi yako."

"Kazi yangu umeshailipa."

"Mimi? Sijatoa hata senti!"

"Hukatwi kodi?"

"Nakatwa!" Uchungu wa mwaka mzima ulitoka katika neno hilo moja. "Mwalimu, nakatwa sana!"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Basi ndiyo mimi hapa. Ulidhani inakwenda wapi? Ni mimi, na hicho kiti, na daktari wa meno atakayekuja mwezi ujao. Na mimi nakatwa, na kila mwezi nanung'unika kama wewe. Lakini nina miaka ishirini na sita kazini, na sijawahi kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya pesa."

"Na ukuta?"

"Ukuta una mafundi wake, watakuja likizo. Nao unawalipa wewe."

Makato aliketi. Kiti kilikuwa cha mtoto, magoti yakamfika kifuani. Alijaribu kujikaza kisabuni, akashindwa. Machozi yalimtoka, ya mtu mzima na ya yule mtoto aliyeishia darasa la sita, wala hakuyafuta. "Asante," akasema. Akarudia tena, na tena. Alimshukuru mwalimu, akamshukuru Mungu, na lau angewajua kwa sura watu wa ofisi ya kodi angewashukuru mmoja mmoja, ingawa hilo asingelitamka mbele ya mafundi wenzake.

Ghafla akakumbuka. "Nafasi bado ipo?"

"Mpaka saa sita. Kuna mtoto mwingine anaingoja, nisingeweza kumweka zaidi." Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu. Mwalimu akamnyooshea binti mkono. "Njoo, mama, tuanze."

Makato alingoja koridoni kwa dakika arobaini. Walipotoka, mwalimu alitoa kazi ya nyumbani, na haikuwa ya mtoto. "Akikwama, usimmalizie neno. Wazazi wenye mapenzi ndio wanaomalizia. Wewe mtazame, ungoje. Hata kama basi linaondoka, ngoja."

Wakashika njia ya nyumbani. Kwenye kivuko cha barabara kuu binti alimvuta mkono.

"Baba, mwa… mwa…"

Shingo ilikaza. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Makato, akauma meno. Taa ya kijani ikawaka, watu wakavuka, ikazimika. Mwanamke mwenye kikapu aliwapita akinung'unika kwamba wamefunga njia. Taa ya kijani ikawaka mara ya pili. Makato aliuweka mfuko chini, akachuchumaa, akamtazama mwanawe usoni.

"Mwalimu wa darasa aliniuliza," binti akasema, kila neno likipita kwa tabu yake, "kwa nini b-baba yako hataki. Nika… nikataka kumwambia baba anataka. Anataka, ila anaogopa. Lakini ma… maneno hayakutoka."

Makato alifungua mdomo, na safari hii aliyekosa maneno alikuwa yeye. Binti akamngoja.

"Ni kweli," akasema mwishowe. "Baba anaogopa. Na anataka, mwanangu, anataka sana. Asante kwa kunitetea."

Akamshika mkono, wakasimama pale ukingoni mpaka taa ikawaka tena.