Nyumba za Panga

Fundi aliyechora kibao cha Ndung'u pale Ruiru alianza na herufi kubwa mno, nafasi ikamwishia, akaruka silabi. Badala ya "Nyumba za Kupanga" kikatoka "Nyumba za Panga". Ndung'u alikitazama, akajikuna shingo, akasema watu wataelewa. Watu walielewa. Silaha nazo zikaelewa.

Jumatatu asubuhi upinde na podo lake vilikuwa vimeegemea mlango wa chumba kitupu, jirani na mpangaji aitwaye Auma. Ikafuata mikuki, kisha gobore, kisha mzinga wa vita uliotoka upande wa Thika kwa magurudumu yake wenyewe, umeshika kushoto kama sheria inavyotaka. Ndung'u akazifungulia.

"Mpangaji ni mpangaji," alimwambia Auma. "Na hizi hazitamaliza maji."

Auma hakuuogopa mzinga. Jioni, akikaanga sukuma, alizisikia ukutani zikisimuliana. Mikuki ilizungumzia ng'ombe, gobore likazungumzia misafara ya watumwa, na mzinga ukalalamikia matope ya vita vya Wazungu. Alichoogopa ni panga moja lililokuja la mwisho, mpini umefungwa mpira mwekundu. Hilo halikusimulia chochote.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Auma aliumwa Kiganjo, kule Thika. Mwaka ule wa fujo za uchaguzi kaka yake Obiero alitoka kwenda dukani, akakatwa njiani. Hakuna aliyeona. Auma akambeba bintiye Dorine, akahamia Ruiru, na hakumwambia mtu alikotoka. Sasa magari ya kampeni yalikuwa yanapita tena na vipaza sauti.

Siku moja, akianika nguo, uvumilivu ukamwishia. Akasogea mlangoni pa jirani.

"Wewe ulipigana vita gani?" aliuliza.

"Mimi sikupigana," panga lilijibu. "Yeye alikuwa amebeba maziwa."

Auma akarudi kwenye kamba. Paketi ile ya maziwa aliiokota mwenyewe, kando ya Obiero. Aliendelea kuanika, maana hakujua la kufanya na mikono yake.

Ndung'u akatokea na ndoo, akachungulia ndani, uso ukamchangamka.

"Aii, kumbe limerudi! Hili nililipotezea Kiganjo, siku za zile fujo. Huu mpira nilifunga mimi." Akamgeukia. "Mama Dorine, mbona unatetemeka?"

"Ni baridi tu, baba."

"Ni kweli, kuna baridi."

Jumamosi fundi alirudi akaongeza ile silabi. Silaha zikatoka nje, zikasoma, zikaona kwamba hazikuhusika. Ziliondoka, mzinga nyuma ya zote ukiwapisha watoto langoni. Panga lenye mpira mwekundu lilibaki. Lenyewe halikuwa mpangaji, lilikuwa limefika kwao.

Ndung'u akaketi kwenye ngazi na jiwe lake, akalinoa panga polepole kwa ajili ya ua wa michongoma, alivyosema. Auma alikuwa anapita na maji.

"Mama Dorine," aliuliza bila kuinua kichwa, "kwani kabla ya hapa mlikuwa mnakaa wapi?"

"Kisumu," alisema Auma. Akaingiza ndoo ndani, akarudisha mlango taratibu sana, asije akaonekana anaufunga.