Kidumu Kwenye Buti la Gari la Umeme

Naandika haya kwa wamama wenzangu ambao watoto wao wameanza kununua magari ya umeme. Shule nimeishia darasa la saba, kwa hiyo mambo ya betri sitawafundisha. Nitawaeleza yaliyotukuta sisi, na kwa nini mjukuu wangu yuko makaburini wakati kanga ya kumbebea ninayo hapa.

Mimi nauza vitenge Mtaa wa Msimbazi, barazani kwa duka la spea la Jeet. Niko hapo tangu baba yake Jeet, mzee Shashikant, yu hai. Mwanangu Shomari ni dereva wa teksi tangu ujana, na kila gari aliloendesha lilikuwa la mtu mwingine. Kwa hiyo siku aliyonionyesha la kwake, jeupe, limeshatumika Japani lakini bado linang'aa, nilitoka barazani bila viatu.

"Mama, panda. Sikiliza."

"Nisikilize nini? Halijawaka hata."

"Limewaka. Si tunaenda?"

Na kweli tulikuwa tunaenda. Wa Kariakoo mnajua, mtu hapa hageuki kuangalia gari. Anasikia muungurumo mgongoni, anasogea. Hili halikuunguruma. Shomari ikabidi atoe kichwa dirishani apige kelele kama muuza maji: "Pisha! Jamani pisha, kuna gari hapa!" Wabeba mizigo wakaruka wakitutukana. Mmoja anayetujua akapiga bodi kwa kiganja.

"Shomari, umenunua gari au friji lenye matairi?"

"Friji! Panda basi upoe, jua limekukaanga."

Nilicheka mpaka machozi. Mwanangu alikuwa na chake.

Ndani kulikuwa na sauti ya mwanamke. Ukiwasha anakusalimu kwa Kijapani, na njiani mara mojamoja anasema neno. Hilo halikunishangaza. Bongo hii magari mangapi yanaongea Kijapani? Teksi ya zamani ya Shomari nayo iliongea miaka yote, hatukujua inasema nini na halikutokea jambo. Binti yangu Sofia alipopanda mara ya kwanza na kuisikia, alimgeukia kaka yake.

"Huyu ndiye umemuoa kimyakimya? Wifi, shikamoo!"

Tangu siku hiyo ile sauti ikawa wifi.

Sasa, kuchaji. Tunakaa nyumba ya kupanga hapo nyuma ya duka, mita moja ya Luku wote. Shomari alipitisha waya dirishani mpaka nje, na wapangaji wakaanza maneno. Benedikta wa chumba cha mbele alisimama uani mikono kiunoni.

"Sisi tulale gizani ili gari lako lishibe?"

Sikumlaumu, na mimi ningesema. Shomari hapendi ugomvi. Akawa analichaji kidogo kidogo, chaji ya kumfikisha anakoenda na kumrudisha. Hakuona shida kwa sababu hivyo ndivyo madereva wa mji huu wanavyoishi. Unatia mafuta ya safari iliyo mbele yako. Taa ikiwaka, bado unatembea. Likizima kabisa, unatoa kidumu kwenye buti, bodaboda anakimbia sheli, unamimina, unaendelea. Nimekaa ndani ya teksi yake sijui mara ngapi nikisubiri kidumu, najipepea na mtandio. Na alipopata gari jipya, kile kidumu chake cha njano alikihamishia humo pamoja na jeki na kitambaa cha kufutia vioo. Nilikiona. Hata mimi sikufikiri kidumu kinafanya nini kwenye gari lisilokunywa mafuta.

Sofia ni mdogo wake, ameolewa Kigamboni, mumewe anaendesha malori ya Tunduma. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Kliniki walimwambia mtoto ametanguliza makalio, kwa hiyo uchungu ukianza tu awahi hospitali kubwa huku mjini, afanyiwe upasuaji. Asisubiri.

Na kwetu Newala mtoto ni wa mjomba. Baba yake atamlea na kumlisha, lakini mwenye neno juu yake ni mjomba. Shomari hana mtoto. Miezi yote ile alikuwa anawaambia watu pale dukani kwa Jeet, "Huyo atatoka hospitali kwenye gari la mjomba wake. Halina moshi, halina kelele, hata usingizi hautamkatika."

Asubuhi ile napanga vitenge, Sofia akapiga simu.

"Mama, umeanza."

"Chupa imepasuka?"

"Bado. Jirani hapa ana bajaji, anasema anipeleke sasa hivi."

Shomari, aliyekuwa pembeni yangu, akachukua simu mkononi mwangu. "Bajaji? Na mashimo ya huko? Sofia, tulia hapohapo. Mjomba mtu nakuja."

"Kaka, lakini jirani yupo tayari..."

"Nimeshatoka."

Hakuwa ametoka. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Lakini alikiweka chini mbiombio, na hata ungekuwa wewe ni mama yake, ungeiona ile furaha usoni usingeweza kumkatisha.

Tulipoingia garini wifi akasema maneno, marefu kuliko ya siku zote.

"Na wewe pia," Shomari akamjibu, akawasha kiyoyozi ili dada yake akute gari limepoa.

Tukavuka kwa kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni. Upande wa pili wifi akasema tena, maneno yaleyale. Kwenye dashibodi ikawaka taa ya njano.

"Shomari, hiyo nini?"

"Taa tu mama. Taa ikiwaka bado kuna mwendo."

"Na huyu mbona leo hanyamazi?"

"Ameona tunaenda kuleta mtoto, ana wivu."

Tukacheka wote wawili. Naandika hili kama lilivyokuwa: tulicheka.

Sofia tulimkuta amekaa kibarazani na begi lake, yule jirani amesimama na bajaji imewaka, kwa kuwa hakuamini kama tutafika. Nikampandisha nyuma, kichwa chake mapajani kwangu. Foleni ya kivuko ilikuwa ndefu. Joto, watu, pikipiki, matenga ya nyanya. Shomari hakukizima kiyoyozi hata kidogo. Alikuwa anageuka kila mara: "Baridi inakutosha dada? Niongeze?" Sofia anabana meno, anaitikia kwa kichwa. Na wifi yuko mbele anasema, anasema, mpaka Shomari akapunguza sauti yake ili dada yake apumzike.

Kivuko kilipokuwa katikati ya maji, chupa ikapasuka. Nilihisi maji yameloanisha gauni langu.

"Shomari, tukishuka usisimame popote."

"Sisimami mama."

Tukagusa Magogoni. Magari ya mbele yakatoka, na sisi tukafuata. Pale unaposhuka kwenye kivuko kuna kipando, na gari lilipoanza kupanda nikaona limekuwa zito, linajivuta. Kwenye dashibodi ikatokea picha ya mnyama mdogo.

Sofia aliinua kichwa akaiona kati ya viti. Uchungu ulikuwa umemwachia kidogo. "Kaka," akasema, "gari lako limeleta kobe." Akacheka. Ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia.

Katikati ya kipando gari likazima.

Mnajua pale Magogoni kivuko kikishusha. Watu wanatoka kama maji ya bomba lililopasuka, na nyuma yetu magari na bajaji zote zimekwama, hakuna anayeweza kupita. Honi zikaanza.

"We dereva, toa mzoga huo!"

"Washa, bwana!"

"Kuna mgonjwa humu!" nikapiga kelele. "Mwanangu anajifungua!"

Wanaume wakaja kusukuma. Mmoja akainama dirishani. "Mama, mafuta yameisha? Nipe kidumu niwahi sheli?"

Na Shomari, mwanangu, akashuka mbio, akafungua buti, akatoa kidumu cha njano. Miaka yote mikono yake imefanya hivyo. Akamnyooshea yule mtu. Kisha akabaki amesimama nacho, mkono umenyooka, anakitazama. Nikamwona usoni. Sijawahi kumwona mtu anaelewa jambo kwa namna ile, na sitaki kuona tena.

"Umeme," akasema. "Linatumia umeme."

"Ee?" yule mtu akauliza.

"Halitumii mafuta. Linatumia umeme."

"Sasa umeme tunauchota wapi hapa, kaka?"

Tukamtoa Sofia garini. Kulikuwa na guta, ile baiskeli ya mizigo, limetoka kushusha samaki, mwenyewe akamwaga barafu chini, tukatandika kitenge changu, tukamlaza. Shomari akashika upande wa nyuma akasukuma akikimbia, anapiga kelele ileile ya Kariakoo: "Pisha! Jamani pisha!" Mpaka tukapata bajaji juu barabarani. Bajaji, usafiri uleule ambao Sofia alikuwa nao mlangoni kwake tangu asubuhi.

Humo kwenye bajaji Sofia akaniambia, "Mama, kuna kitu kimetoka." Nikatazama. Ni kitovu. Nimezaa, nimezalisha majirani, nilijua maana yake. Nikamfunika, nikamwambia si kitu.

Hospitali walimpokea mbio, sina la kuwasemea vibaya. Mkunga alipotoka alinishika mkono kwanza. "Bibi, mama yake mzima. Mtoto kitovu kilimtangulia, mwili wake ukakibana. Kimebanwa muda mrefu." Akanitazama. "Mlitoka mbali?"

Alikuwa wa kiume. Paji la uso la Shomari, tena lilelile.

Shomari alikuwa amesema atambeba yeye, na alimbeba yeye. Mumewe Sofia alikuwa bado njiani anarudi. Wanaume wa mtaa walitaka kukodi gari, akakataa. Alimpakata mikononi, ndani ya sanda, akaenda naye kwa mguu mpaka makaburini, na wao nyuma yake. Alirudi na udongo magotini, akakaa kwenye ngazi za Jeet, hakuingia ndani.

Sofia yupo kwangu. Mumewe alikuja, akakaa siku zake, akarudi barabarani. Ni mtu mwema, hakusema neno baya. Kila asubuhi Shomari anasimama nje ya pazia la chumba changu. "Dada, umeamkaje?" Kimya. Anasubiri kidogo. "Haya. Nipo kazini." Amerudi kuendesha teksi ya mtu.

Gari lake walilivuta wakalileta mtaani, likakaa mbele ya duka, vumbi limelijaa. Siku moja Jeet akataka lisogezwe apate kushusha mzigo. Aliomba ufunguo, akaingia, akabonyeza ili gia iachie lisukumwe. Wifi akaongea. Mimi nilikuwa barazani na vitenge, Shomari amesimama pembeni, na Sofia kwa mara ya kwanza alikuwa ametoka kuota jua, amekaa kwenye stuli nyuma yangu.

Jeet hakulisogeza gari. Zamani aliwahi kukaa Japani, ananunua magari kule. Akabonyeza tena, akasikiliza, akatutazama.

"Mama Shomari, huyu huwa anasema hivi?"

"Huyo? Huyo haishi maneno," nikamjibu.

"Mlikuwa mnajua anasema nini?"

Nikatikisa kichwa. Akazima. Nadhani alitamani asingeuliza, lakini Shomari alisogea mpaka dirishani. "Anasema nini, Jeet?"

"Anasema chaji imepungua. Anasema tafuteni pa kuchaji, mko karibu na kuishiwa."

Kisha nyuma yangu Sofia akaongea. Sauti ilikuwa imekauka kwa kutotumika.

"Kaka. Alianza kusema wapi?"

Ndilo neno la kwanza alilomwambia tangu Magogoni. Nilimtazama mwanangu, nikatamani adanganye. Angesema kwenye kivuko. Angesema gari lilipozima. Nani angemjua?

"Hapa," Shomari akasema. "Alianza hapa hapa, kabla hatujaondoka. Wewe ulikuwa ndiyo umekata simu, na jirani bado yupo mlangoni."

Sofia akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeelekezwa njia. Akainuka, akakunja kanga yake, akaingia ndani.

Wamama, mimi sisemi magari haya ni mabaya. Lile lilitembea vizuri mpaka lilipoishiwa, na lilituambia kabla. Nawaambia hivi: mwanao akileta gari linaloongea, usimpe jina na kumcheka. Tafuta mtu akueleze anasema nini. Lichajiwe lijae, hata kama wapangaji watanuna, ongeeni nao, changeni. Na mgonjwa akiwa na bajaji mlangoni, apande bajaji.

Kidumu ninacho mimi, nimekisukuma chini ya meza ya vitenge. Asubuhi hii Shomari amepita kama kawaida. "Dada, umeamkaje?" Mimi nilikuwa ndani namsukia Sofia nywele. Niliacha mkono juu ya kichwa chake, nikasubiri. Nilimsikia Shomari naye anasubiri, viatu vyake nimeviona chini ya pazia.

Sofia akavuta pumzi kama anataka kusema.

"Mama," akasema, "suka."