Koti Lisilo na Mgongo

Mimi misiba imenichosha. Ukifika umri wangu, simu ikilia alfajiri unaijua kabla hujaipokea. Safari hii alikuwa Mzee Hilari wa Idete. Nikajifunga kitenge, nikapanda bodaboda kutoka Ifakara, na barabara ile ikanitikisa mifupa yote iliyobaki.

Nilikuta msiba umegeuka kesi. Remigius, mtoto wake mkubwa aliyetoka Dar, alikuwa amesimama uani, sanduku la bati la baba yake liko wazi miguuni pake. Chini mkekani alikaa Angelina, mjane wa mdogo wake Remigius. Huyo ndiye aliyemwogesha na kumlisha mzee muda wote wa kuugua kitandani. Wengine walikuwa wakija Krismasi, wanapiga naye picha, wanaondoka.

"Shemeji, ufunguo ulikuwa nao wewe," Remigius alikuwa akisema. "Koti la baba limekwenda wapi?"

"Sijui."

"Umeliuza. Basi tukishazika, fungasha vyako urudi kijijini kwenu, Mbingu."

Koti lenyewe wote walilijua kutoka kwenye picha ya sebuleni. Hilari kijana, nywele afro, suruali ya bugaluu, viatu vya raizoni vimempandisha juu, na koti la kijivu limemkaa utadhani alizaliwa nalo. Maisha yake yote aliwaambia wanawe kwamba alishonewa na fundi wa Kihindi kule Morogoro. Sasa walitaka azikwe nalo.

Koti lile lilikuwa kwangu, limening'inia nyuma ya mlango wa chumbani.

Marehemu mume wangu, Agapiti, alikuwa na studio ya picha Ifakara enzi hizo. Vijana wa bondeni walikuja na mashati yao ya viraka, wanataka watoke kama watu wa mjini. Agapiti akatafuta koti moja, akalichana mgongo wote, ukosi mpaka pindo, akalishonea kamba. Uwe mnene uwe mwembamba, ulilivaa kwa mbele kama aproni, mimi nikakufunga kamba kwa nyuma, na kamera haikuona kitu. Hata raizoni zilikuwa zetu, wenye miguu midogo tuliwajazia magazeti. Wazee wengi wa bonde hili wana picha ndani ya koti lile, na kila mmoja kwa wanawe ni koti lake. Kwa nini sikulitupa, sijui. Uvivu tu, nadhani.

Nikamvuta Angelina jikoni.

"Mwanangu, niache niwaambie. Mkweo hakuwahi kuwa na koti."

"Najua, mama."

"Unajua?"

"Aliniambia mwenyewe siku moja nikimbadilishia shuka. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaniomba nisiwaambie watoto."

"Sasa wanakufukuza, na wewe umekaa kimya."

"Nikisema leo nitakuwa nimemwaibisha mbele za watu, naye hawezi hata kujitetea." Akasukuma kuni ndani ya moto. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Tangu afe sijalia, mama. Nikilia watasema ni machozi ya mwizi."

Hasira zikanipanda. Nilimkasirikia Remigius, nikamkasirikia na Hilari mwenyewe, na ubishoo wake ule. Kiuno kilikuwa kinaniuma, na hakuna aliyenituma. Nikajikaza kisabuni, nikamwita tena yule wa bodaboda, tukarudi Ifakara.

Niliporejea mchana walikuwa wameshamwosha marehemu. Remigius akanisimamisha mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Koti la baba yako hili hapa. Halikuuzwa, lilikuwa kwangu. Mvishe mwenyewe kwa mikono yako."

Nililiviringisha kwenye kanga, lakini mkono mmoja wa kijivu ulichungulia nje. Mzee Severini, rafiki wa marehemu, aliuona. Aliutazama sana, kisha akainama akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari. Na yeye niliwahi kumfunga koti lile mgongoni. Wazee wenzake kwenye benchi nao wakageuzia macho pembeni.

Remigius akaingia nalo na nduguze, mlango ukafungwa. Walikawia huko ndani, mpaka wanakwaya wakaanza kuulizana. Nilikaa karibu na Angelina, nikaushika mkono wake, nao ulikuwa wa baridi.

Remigius alipotoka, uso wake haukuwa ule wa asubuhi. Alisimama mbele ya watu wote, akakohoa.

"Koti la baba limepatikana," akasema. "Shemeji yangu hana kosa lolote. Nilimsingizia. Hapa ni kwake, na hakuna wa kumtoa."

Kisha akafanya jambo ambalo wanaume hawafanyi kwenye misiba yetu. Akavua viatu, akaja kwenye mkeka wa wanawake, akakaa chini mbele ya Angelina.

Angelina akamtazama, akamsogelea, akauliza kwa sauti ndogo ambayo niliisikia mimi tu niliyekuwa pembeni yake:

"Kamba umezifunga vizuri? Zisije zikaonekana."

Remigius akaitikia kwa kichwa. Akafunika uso kwa viganja.

Hapo ndipo Angelina alipomlilia baba mkwe wake. Alilia kwa sauti, kwa mwili mzima, na hakuna aliyemwambia anyamaze.