Mke Mwenza wa Bibi Dorothy

Kifuniko cha sufuria kiligonga jiwe la mafiga, kikazunguka sakafuni, kikatulia. Nje kulikuwa bado giza. Bibi Dorothy alitabasamu kitandani mwake. Mjukuu wake Glorious alikuwa ameamka, na kila alfajiri aliamka hivyo hivyo, akinyata kwa uangalifu mkubwa asimwamshe bibi yake, huku akiangusha kila alichokigusa. Hakujua kwamba vitu vina kelele. Alizaliwa hasikii, na katika nyumba ile hakugombezwa hata siku moja kwa kelele asizozijua.

Bibi alingoja mpaka mtoto alipoingia na maji ya moto, ndipo akajifanya anaamka. Glorious aliweka kiganja kifuani pake mwenyewe, akakipigapiga polepole, macho yakiuliza: moyo umelalaje? Bibi akauyumbisha mkono kama mtumbwi mtupu. Hivi hivi tu. Moyo wake ulikuwa umechoka. Mganga wa zahanati alimwambia bila kumficha, na bibi alimshukuru kwa kutomficha.

Lugha hiyo ya mikono waliitunga wenyewe, kidogo kidogo, tangu Glorious alipoachwa yatima angali anatambaa. Kidole puani kilikuwa usipa, wale dagaa wa ziwani, kwa ajili ya harufu yao wanapoanikwa. Kufumba macho kwa viganja kulikuwa mama. Shavu juu ya kiganja kulikuwa kesho. Ilikuwa lugha nzuri, yenye utani wake na hata matusi yake, lakini wasemaji wake ulimwenguni walikuwa bibi na mjukuu basi, na mmoja wao alikuwa na moyo uliochoka.

Hilo ndilo lililomnyima bibi usingizi. Njaa haikumtisha, maana muhogo ulikuwapo shambani na majirani si watu wabaya. Kaka yake Protasi, aliyeishi kule Tingi, alikwisha sema kwamba siku ikifika atamchukua mtoto. Alisema msichana asiyesikia anafaa sana kulinda mahindi, kwa kuwa hatavutwa na ngoma za wenzake. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayelisifu jembe. Bibi alimwona Glorious katikati ya mahindi mpaka uzeeni, mikono imejaa maneno na hakuna wa kumpa.

Ndiyo maana alimpenda Ephrasia. Ephrasia alikuwa ofisa ustawi wa jamii kutoka Mbinga, Mmatengo wa milimani, aliyekuja kwa pikipiki ya mradi unaosaidia yatima. Wageni wengine wa ofisi walikuwa wakiuliza maswali wamesimama mlangoni. Ephrasia alikaa mkekani, akapokea ungo, akachambua usipa huku anauliza. Baada ya ziara kadhaa akaanza kuuliza kwa mikono pia, akikosea kosea, na Glorious akawa anamcheka na kumsahihisha vidole. Akampa na jina: ngumi mbili zilizoshika usukani wa pikipiki. Alimtambua hata kabla bibi hajasikia mngurumo, kwani alilaza kiganja sakafuni na ardhi ikamwambia.

Bibi naye hakuacha kumtania. Alisema watu wa milimani wanalima mashimo wakiyaita mashamba, na wanaogopa maji hata ya kunawa. Ephrasia alijibu kwamba wao wa ziwani wana maji mlangoni, na bado wananuka samaki.

Ephrasia ndiye aliyeitafuta nafasi ya shule. Ilikuwa shule ya bweni ya watoto viziwi, mbali, ambako, alisema, watoto wanaongea kwa mikono mchana kutwa mpaka walimu wanawaambia wapunguze. Mradi ungelipa kila kitu kwa mtoto yatima asiye na msaada. Bibi aliuliza jambo moja tu, kama huko wataielewa ishara ya usipa. Ephrasia alisema watamfundisha ya kwao, na yeye atawafundisha hiyo yake. Siku hiyo bibi na mjukuu walitunga neno jipya. Shule ikawa vidole vyote kumi vikichezacheza hewani: mikono mingi.

Kisha ikaja simu.

Mwaka ule mradi ulikuwa umenunua kompyuta, ukaona ziara zinamaliza mafuta, na kwamba habari za kila nyumba zinaweza kuhakikiwa kwa simu kutoka mjini. Simu ilipigwa kwa Aidan mwenye duka, na mtandao wa kijiji kile ulikamata juu ya jabali nyuma ya kanisa, si pengine. Aidan alifunga duka lake wateja wakiwapo. Alimshika bibi mkono mpaka juu, akavua koti lake akalitandika alikalie, akampa simu. Kisha akashuka mbali asisikie, kwa kuwa mtu anapozungumza na ofisi si adabu kumsikiliza.

Sauti ilikuwa ya kijana mpole. Alimwita mama, akamuuliza hali, akamuuliza nyumbani anaishi na nani. Bibi alimtazama Glorious aliyekuwa akimwinda mjusi jabalini, akajibu kama bibi yeyote anavyomtaja mjukuu wake wa kike.

"Nipo na mke mwenzangu tu."

Upande wa pili kulisikika kitu kikidonoa, kama kuku kwenye bati. Kijana akauliza mume wao yuko wapi. Bibi alicheka. Alidhani kijana anaendeleza utani. Mume wake alivuka kwenda Malawi angali kijana, akaenda kutafuta kazi za migodini Afrika Kusini, kule Joni, na hakuna barua wala maiti iliyorudi. Pwani ile ya ziwa, mtu wa namna hiyo hasemwi kuwa amekufa.

"Yuko Joni," alisema. "Atarudi na mablanketi."

Kuku wakadonoa tena. Kijana akaomba aongee na mtoto Glorious kidogo. Bibi akasema hasikii. Kijana akasema pole mama, mtandao wa huko ni mbaya, basi hayo yanatosha, asante sana. Wakishuka, bibi alimwambia Aidan kwamba yule kijana wa mjini ana malezi mazuri.

Asubuhi hii ya kifuniko ndiyo Ephrasia aliyoahidi kuja kumchukua Glorious. Sanduku la bati lilikuwa tayari mlangoni. Ndani mlikuwa na gauni mbili, sabuni, na shuka jipya alilotoa jirani yao Scholastica, ambaye mwenyewe alilala na kuukuu. Jua lilipokuwa limeanza kupanda Glorious alilaza kiganja sakafuni, akaruka, akashika usukani wa hewa. Anakuja.

Ephrasia aliamkia, akaitikiwa, akakaa mkekani. Bibi alimtania kuhusu mashimo. Ephrasia hakurudisha. Alilitazama sanduku, kisha akauliza.

"Bibi, ile siku ya simu, ulisema unaishi na nani?"

Bibi akamweleza yote. Alipofika kwa mke mwenza Ephrasia alifunika mdomo, na alipofika kwa mablanketi akashindwa kujizuia. Wakacheka wote wawili mpaka machozi, na Glorious naye akacheka kwa kuwaona. Ephrasia alikuwa wa kwanza kunyamaza. Bibi aliona uso wake unavyobadilika, naye akaacha kucheka.

Ephrasia alieleza taratibu. Kompyuta ilikuwa imeandika kwamba nyumba hii ina mume na wake wawili, kwamba mume ana kazi Afrika Kusini, na kwamba mtoto ana walezi wa kutosha. Jina la Glorious lilikuwa limeondolewa. Yeye aliposikia alipiga simu, akaandika, akaenda mjini mwenyewe. Kule walimwambia kilichomo ndani ya mashine ni maneno ya bibi mwenyewe. Kama mume hayupo, uletwe ushahidi kwamba amekufa.

Bibi alichomoa unyasi kwenye ukingo wa mkeka. Hakuwahi kumlilia yule mtu. Hakuwahi kunyoa nywele, wala hakuwahi kukaa matanga. Miaka yote hiyo alimweka hai kwa ulimi, maana hapakuwa na kaburi la kumweka.

"Basi amekufa," alisema. "Nasema mimi mkewe. Andika, mwanangu. Amekufa."

Ephrasia aliinamisha kichwa, machozi yakadondoka kwenye kanga yake.

"Nafasi wameshampa mtoto mwingine, bibi. Na mwakani watasema Glorious amepita umri."

Kuku wa jirani aliingia, akadonoa sakafuni, akatoka. Bibi aliuliza kama yule mtoto mwingine naye hasikii. Hasikii, Ephrasia alisema. Ana bibi? Hana mtu.

"Basi msimnyang'anye," bibi alisema.

Kulikuwa na jingine, na Ephrasia alilisema akiwa anatazama mlango. Pikipiki inarudishwa kesho. Kuanzia sasa watu wa mradi watapigiwa simu tu. Bibi akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa habari za mvua.

Nje Glorious alikuwa ameshalibeba sanduku, amelifunga kwa kamba nyuma ya pikipiki, na amesimama kando yake, miguu imepakwa mafuta. Bibi alijiinua, akatoka akishika ukuta. Hili hakutaka liletwe na mikono ya mwingine. Akachezesha vidole kumi hewani: mikono mingi. Kisha akavikunja vyote. Glorious aliweka shavu juu ya kiganja. Kesho? Bibi akatikisa kichwa. Mtoto akaweka shavu tena, na tena, kesho ya mbali zaidi na zaidi, na kila mara bibi alitikisa kichwa.

Glorious alifungua kamba. Alilirudisha sanduku ndani, akatoa sabuni, akaiweka penye mtungi inapokaa sabuni siku zote. Kisha akampa Ephrasia ungo wa usipa kwa kuwa mgeni hakuwa amekula, na wakachambua wote watatu, bila kusema kitu kwa mdomo wala kwa mikono.

Ephrasia alipoinuka bibi alimshikilia mkono.

"Wewe unayajua maneno yake mangapi?"

"Machache, bibi. Nusu yake nayakosea."

"Hata ukiyakosea. Mimi nikishakwenda hakuna mwingine anayeyajua."

Ephrasia hakuahidi. Kutoka Mbinga mpaka pale bila pikipiki ni safari ya milima mitupu, na bibi hakumtaka aseme uongo mbele ya mtoto. Akawasha pikipiki. Glorious alikimbia akasimama mbele ya gurudumu. Akashika usukani wa hewa, ngumi mbili, lile jina. Akaweka shavu juu ya kiganja. Akachuchumaa, akapigapiga ardhi kando yake kama mtu anayemkaribisha mwenzake mkekani, akainua macho na kungoja jibu.