Mguu Unaomuuma Kahawa

"Daktari, anachechemea mguu wa mbele, wa kulia," Minza alisema kabla hajaulizwa.

Hapo palikuwa kituo cha ukaguzi cha mashindano ya farasi ya masafa marefu, nje kidogo ya Bukundi. Kilometa hamsini zimeshakatwa, thelathini bado, na hakuna farasi anayeendelea daktari asipompitisha. Kahawa, farasi aliyetunzwa na Minza, alikuwa wa tatu.

Machibya, mwenye farasi na ndiye aliyempanda, alishuka akijipangusa vumbi. "Mimi niliyekaa juu yake sijasikia kitu, wewe uliyekaa na ndoo ndiyo umesikia?"

"Nimemwona akiingia, bosi."

Daktari Specioza aliinama. Aliuinua mguu wa kulia, akakwangua kwato, akabonyeza mishipa sehemu baada ya sehemu. Kahawa alitulia kama anakunwa.

"Mguu huu mzima."

"Si nilisema!" Machibya aliwageukia wapanda farasi wenzake. "Kwao Ipililo huyu alikuwa anaswaga maksai wa jembe. Farasi kamjua juzi tu. Sasa anataka kutufundisha!"

Watu wakacheka.  Minza angeweza kunyamaza, akachukua ndoo yake, akaendelea kuwa mtunzaji wa farasi. Lakini mbele kulikuwa na kilometa thelathini za ardhi ngumu kama saruji, na kule nyumbani aliwahi kuona maksai akilazimishwa kumalizia shamba huku anaumwa. Maksai huyo hakulima tena.

"Daktari, mguu labda nimekosea. Nilichokiona sijakosea."

"Basi niambie ulichokiona. Mguu niachie mimi."

Minza aliweka ndoo chini. "Kwenye mchanga anakwenda vizuri. Akikanyaga barabara ngumu, mguu wa kulia ukigusa chini kichwa kinashuka. Ukigusa wa kushoto, kichwa kinapanda. Kila hatua."

Daktari akaacha kuandika. "Kwa nini ukasema kulia?"

"Maksai wakifungwa nira, nira inalalia upande wa anayeumwa. Nikaona kichwa kinashuka kwa mguu wa kulia, nikajua ni huko."

"Maksai ana mwenzake wa kumsaidia. Farasi yuko peke yake. Anajitupa kwenye mguu mzima, ule unaouma anauinulia kichwa." Daktari alinyoosha mkono barabarani. "Mkimbize pale pagumu, kwenda na kurudi. Kamba iachie ilegee."

"Daktari, muda wangu unakwisha," Machibya alilalamika.

"Wako unakwisha. Wa farasi je?"

Minza alikimbia bega kwa bega na Kahawa, bila kumvuta, bila kumtazama, ili asimharibie mwendo. Aliporudi, hakuna aliyekuwa anacheka. Daktari alishika mguu wa kushoto, akapitisha kiganja nyuma yake, chini ya goti. Kahawa akaunyakua mguu.

"Una joto, umeanza kuvimba. Safari yake imeishia hapa. Alianza kuchechemea lini?"

Minza hakujua, yeye alimwona mwishoni tu. Akamtazama Machibya. 

"Mwambie, bosi. Akijua, atamtibu vizuri."

Machibya alifungua mkanda wa tandiko, polepole, akiwa amewapa mgongo.

"Alijikwaa korongoni," alisema hatimaye. "Kama kilometa kumi nyuma. Nilihisi. Nikadhani itapita."

Daktari akaandika. Minza alikuwa ameshachuchumaa, anaumwagia mguu wa kushoto maji baridi.

"Mimina taratibu," Machibya alimwambia, akainama kuishika hatamu.